Mirija miwili na lawama za karne nzima

Vuta kiti msomaji wangu, leo stori ni ndefu kidogo. Inahusu mirija miwili yenye urefu wa kama sentimita 10 hivi kila mmoja, na tundu ambalo kwenye sehemu yake nyembamba halifiki hata milimita moja. Yai likitoka kwenye ovari linapita humo. Mbegu ya mwanaume nayo inapanda kulifuata humo humo, na mambo yakienda vizuri vinakutana njiani. Mirija ikiziba, hakuna kukutana. Habari imeishia hapo.

Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto, huu ni mwaka wa nne. Nasema wazi kwa sababu nimechoka na minong'ono, na kwa sababu najua wengi wa rika langu hapa mjini wako kwenye benchi lile lile la kliniki, wanajifanya wanasoma meseji kwenye simu ili wasiangaliane na jirani. Lakini leo sitaki kuandika juu yangu tu. Mwandishi wa habari akipewa jibu lisilomridhisha huuliza swali la pili: jambo hili lilianza lini? Nilipoanza kufukua historia ya kutozaa katika Afrika Mashariki nikakuta kitu ambacho hakuna shangazi wala wifi aliyewahi kunieleza. Ugumba wetu una tarehe. Una reli, una vita, una mashamba ya mkonge, una ripoti za serikali. Ukishaziona hizo, neno "laana" linakosa mahali pa kukaa.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina "tasa" na kina "mgumba". Tasa ni jike asiyezaa, awe mtu, ng'ombe au mbuzi. Mgumba kwenye kamusi ni mtu yeyote asiyezaa, lakini jaribu kulitamka kwenye kikao cha ukoo uone watu wanageuza shingo kumtazama nani. Na mwanaume ambaye mbegu zake hazitoshi, mtaani anaitwaje? Anachanganywa na hanithi, ambalo ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa jogoo wa mtaa mzima na mbegu zake zikawa hazina uhai. Kwa kuwa jina lake halipo midomoni mwa watu, tatizo lake nalo linaonekana halipo.

Wazee walijua zaidi ya walivyokubali kusema. Kule Mara, Wakurya wana desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, anaoa binti ili watoto wa binti huyo wawe wa nyumba yake. Katika makabila kadhaa mke ambaye mumewe hazalishi alielekezwa kimyakimya kwa ndugu wa mume, na mtoto akaitwa wa mwenye nyumba. Fikiria maana yake. Watu walijua fika kuwa tatizo linaweza kuwa la baba. Ila la baba lilimalizwa gizani, la mama likatangazwa mchana.

Sasa turudi kwenye mirija. Aliyeieleza kwa mara ya kwanza kwa undani alikuwa daktari wa Italia, Gabriele Falloppio, katika kitabu chake cha mwaka 1561, na mpaka leo mirija hiyo inabeba jina lake kwenye lugha za kitaalamu. Mwaka 1677 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek akaziona mbegu za mwanaume kwa hadubini zikiogelea. Kwa hiyo pande zote mbili za habari hii zimejulikana kwa zaidi ya miaka 300. Hili likae kichwani, tutalihitaji mbele.

Mirija inazibwa na nini? Mara nyingi na makovu. Vimelea vya kisonono au klamidia vikiachwa bila tiba hupanda kutoka kwenye mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, mwili unapigana navyo, na vita hiyo ikiisha inabaki alama kama ya kidonda kilichopona vibaya. Maambukizi baada ya kujifungua au baada ya kutoa mimba kwa njia zisizo salama nayo hufanya hivyo hivyo, na kifua kikuu kinaweza kushambulia kizazi. Ubaya wa klamidia ni ukimya wake. Wanawake wengi hawasikii chochote. Unaweza kuipata ukiwa na miaka 20, ukaijua ukiwa na miaka 33, na aliyekuletea ukawa umeshasahau hata namba yake ya simu.

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilimpeleka daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, kwenda Uganda kuchunguza kaswende. Mwaka uliofuata akatoa taarifa ya kutisha: katika Buganda, alidai, walioambukizwa walifika hadi asilimia 80 ya watu. Na sababu? Pamoja na mengine, alilaumu uhuru ambao wanawake waliupata baada ya machifu kupunguziwa nguvu na Ukristo kuingia. Yaani hata kwenye ripoti ya kitabibu ya daktari wa Kizungu, mwanamke aliyetembea njiani bila kuomba ruhusa akawa ndiye ugonjwa.

Baadaye wanahistoria kama Megan Vaughan walizirudia takwimu hizo wakakuta zina walakini mkubwa. Sehemu ya kilichoitwa kaswende kilikuwa buba, ule ugonjwa wa ngozi wa watoto vijijini usioambukizwa kwa ngono. Vimelea vyake ni ndugu wa karibu wa vile vya kaswende, na vipimo vya wakati ule havikuweza kuvitofautisha. Lakini woga ulishafanya kazi yake. Watu walikusanywa na kukaguliwa kwa nguvu. Mulago, ambayo leo ni hospitali kubwa ya rufaa ya Kampala, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa.

Hapa ndipo penye kichekesho kichungu. Kaswende inaua mimba tumboni na kuzaa watoto wafu, kwa hiyo ilistahili kupigwa vita. Lakini kisonono, adui mkubwa wa mirija, hakikuwa na dawa ya maana mpaka dawa za salfa zilipofika mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha penisilini katika miaka ya 1940. Kwa kizazi kizima pesa, sindano na hotuba zilielekezwa kwenye ugonjwa mmoja, huku mwingine ukifunga milango kimyakimya.

Na ulipata usafiri. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo vita ikaanza, na wanaume kwa maelfu wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Ukishuka daladala Kariakoo ujue unakanyaga kumbukumbu yao, kwani jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na Nairobi nao wana Kariakor yao. Kulikuwa pia na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na manamba wake. Manamba alisafirishwa mamia ya kilomita kwenda kuishi kambini kwa mkataba, mara nyingi bila mke. Ukikusanya maelfu ya wanaume mbali na kwao, bila wake na bila zahanati inayoeleweka, halafu mkataba ukiisha ukawarudisha nyumbani na zawadi za khanga, si khanga tu inayofika.

Aliyebaki kijijini analima hakusafiri popote. Mume akarudi, akamkuta, na baada ya hapo mimba hazikushika tena. Nani aliyelaumiwa? Jibu unalo.

Habari hii ilikuwa kubwa kuliko mipaka yetu. Watafiti wa idadi ya watu wamezungumzia "ukanda wa ugumba" uliopita katikati ya Afrika, kutoka Kameruni na Gaboni, kupitia Kongo na Afrika ya Kati, mpaka upande wetu huu. Anne Retel-Laurentin, daktari Mfaransa aliyefanya kazi miongoni mwa Wanzakara wa Afrika ya Kati, aliandika kitabu kizima mwaka 1974 akiyahusisha mapengo hayo ya uzazi na magonjwa. Kwetu, mwanahistoria Shane Doyle alitoa kitabu mwaka 2013 kinacholinganisha Buganda, Ankole na Buhaya. Buhaya, kule Bukoba, ilijulikana kwa uzazi mdogo katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Kisha, kuanzia katikati ya karne, uzazi ukapanda, na moja ya sababu ni tiba ya magonjwa ya zinaa.

Naomba usimame hapo kidogo. Kama ingekuwa laana ya ukoo au mkono wa jirani mwenye kijicho, isingesikia penisilini. Dawa haikuweza kuzibua mirija iliyokwisha kushikana makovu, hao mabibi walizeeka na kimya chao. Iliokoa ya mabinti.

Ungetegemea baada ya hapo serikali ziseme: sasa tunajua chanzo, tuwatafute waliobaki. Haikuwa hivyo. Upepo uligeuka. Mwanzoni mwa karne wakoloni walihofia Waafrika watapungua na wafanyakazi watakosekana. Kufikia miaka ya 1950 hofu ikawa kinyume chake, kwamba tunazaliana mno. Hapa Tanganyika UMATI ilianzishwa mwaka 1959. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, ikiwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Nisieleweke vibaya, uzazi wa mpango umeokoa maisha ya akina mama wengi na naushukuru. Ila katika hesabu ile, mwanamke aliyekuja kliniki kusema "mimi sipati" hakuwa na dirisha la kwenda. Takwimu zilisema Afrika ina watoto wengi, kwa hiyo tatizo lake halikuwa tatizo.

Sasa twende Uingereza kidogo, kuna sababu. Lesley Brown alikuwa mwanamke wa kawaida wa Bristol aliyehangaika miaka tisa kutafuta mtoto. Mirija yake ilikuwa imeziba. Mtaalamu wa Cambridge, Robert Edwards, na daktari wa Oldham, Patrick Steptoe, walikuwa na wazo: kama njia imefungwa, kwa nini yai lisitolewe, likutane na mbegu maabara, kisha lirudishwe kwenye kizazi? Mwaka 1971 waliomba fedha kwenye baraza la utafiti wa tiba la nchi yao wakanyimwa. Wanahistoria waliosoma mafaili yale wamekuta kwamba moja ya sababu ilikuwa hofu ile ile: dunia ina watu wengi, kwa nini tusaidie kuongeza? Wakaendelea kwa fedha za wafadhili binafsi. Kati ya mwaka 1969 na 1978 walijaribu kwa wanawake 282. Waliozaa ni wawili. Wa kwanza alikuwa Lesley, na tarehe 25 Julai 1978 akazaliwa Louise Brown, yule ambaye magazeti yetu yalimwita mtoto wa chupa.

Kulikuwa na mtu wa tatu, Jean Purdy, muuguzi aliyegeuka mtaalamu wa maabara. Ndiye wa kwanza kuliona yai lile likianza kugawanyika. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39, na kwenye kibao cha kumbukumbu kilichowekwa Oldham jina lake liliachwa, ingawa Edwards aliomba liwemo. Edwards alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Huko nako, kazi ya mwanamke ilihesabiwa mwisho.

Kwa nini nimekupeleka Oldham? Kwa sababu teknolojia ile ilibuniwa kwa ajili ya mirija iliyoziba. Na mwaka 1985 jarida la Lancet likachapisha uchambuzi wa takwimu za Shirika la Afya Duniani kutoka nchi mbalimbali, likiuliza kama Afrika ni tofauti na wengine. Jibu lilikuwa ndiyo: wanawake wa Kiafrika waliokosa watoto walikuwa na mirija iliyoharibiwa na maambukizi kwa kiwango kikubwa kuliko wa mabara mengine. Yaani dawa ilipatikana, na bara lililoihitaji zaidi likajulikana. Ilitufikia lini? Mtoto wa kwanza wa njia hiyo Uganda alizaliwa mwaka 2004, Kampala. Kenya, mwaka 2006, Nairobi. Robo karne na zaidi baada ya Louise. Hospitali yetu ya taifa Muhimbili nayo imeingia kwenye huduma hiyo katika miaka hii ya 2020. Bei bado ni mamilioni ya shilingi, na bima nyingi hazigusi.

Mwaka 1994, kwenye mkutano wa Cairo kuhusu idadi ya watu, mataifa yalikubaliana kwa maandishi kwamba afya ya uzazi ni pamoja na kuzuia na kutibu ugumba. Maandishi mazuri. Mwaka 2023 WHO ikatangaza kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo hili katika maisha yake. Mmoja kati ya sita! Panda daladala yoyote uhesabu viti.

Na sasa wanaume. Nilikuambia mbegu ziliwekwa chini ya hadubini mwaka 1677. WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kupima mbegu mwaka 1980. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels walitangaza mafanikio ya kuchukua mbegu moja tu na kuichoma ndani ya yai, njia iliyowapa watoto wanaume waliokuwa wameambiwa haiwezekani. Kwa ujumla upande wa mwanaume unahusika katika karibu nusu ya matatizo haya, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Kipimo chake ni kikombe kimoja, bila kisu wala maumivu.

Lakini mimi, kwenye hospitali moja ya hapa Dar ambayo sitaitaja, nilimezeshwa vidonge vya kukomaza mayai miezi sita kabla mtu yeyote hajauliza habari za mume wangu. Hakuna aliyemtaka aje. Nilipofika kwa daktari mwingine, swali lake la kwanza lilikuwa: "Baba yuko wapi?" Mume wangu alinuna siku tatu, siku ya nne akaenda. Mimi nikafanyiwa picha ya mirija, ile ya kupitisha dawa kwenye kizazi huku eksirei ikipigwa. Inauma, sitakudanganya. Majibu: mrija wangu wa kushoto umeziba, na mbegu zake ni chache. Siku ile tulirudi nyumbani tukiwa upande mmoja kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari hii.

Hata picha ile ina historia yake. Mfaransa Marcel Guerbet alitengeneza mafuta yenye iodini, Lipiodol, mwaka 1901, na kufikia miaka ya 1920 madaktari walikuwa wakiyatumia kuona mirija. Mwaka 2017 utafiti wa Uholanzi kwa wanawake 1,119, ambao hawakuwa na dalili za mirija kuharibika, ulionyesha kuwa waliosafishiwa kwa mafuta hayo walishika mimba kwa asilimia karibu 40 ndani ya miezi sita, na waliotumiwa dawa ya maji asilimia 29. Ndiyo ushahidi wa "kusafisha mirija" ninaoufahamu. Zile chupa zinazouzwa mtaani zikiwa zimeandikwa "huzibua mirija siku saba", sijaona hata moja yenye utafiti wa namna hiyo nyuma yake. Kovu halizibuki kwa kunywa mizizi. Linashughulikiwa kwa upasuaji pale inapowezekana, au linarukwa kwa njia ya akina Edwards.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama mmetafuta mwaka mzima bila mafanikio, nendeni wawili. Kama wewe mwanamke umepita miaka 35, miezi sita inatosha kusubiri. Ukiona uchafu usio wa kawaida au maumivu ya tumbo la chini, tibiwa mapema na mwenzako atibiwe pamoja nawe, maana kutibu mmoja ni kuchota maji kwa pakacha.

Na kazi moja ya nyumbani. Karibu kila ukoo una bibi aliyerudishwa kwao kwa kutozaa. Ukienda kijijini, kaa na wazee uulize habari zake. Uliza mumewe alifanya kazi wapi: reli, jeshi au mkonge. Uliza pia kama yeye bibi alipoolewa kwingine alizaa, na kama babu, alipooa wa pili na wa tatu, nao walizaa. Andika majibu kabla wazee hawajaondoka nayo.